Daftari la Sajenti: Namna ya Kuongoza Mgambo Ambao Kesho Wanarudi Shambani

Siku utakayopewa tepe mbili za koplo na kuambiwa seksheni hii ni yako, kabla hujawaza bereti mpya, kanunue daftari. Liwe na jalada gumu na kurasa zisizopungua 200, na ununue penseli mbili. Kalamu ya wino iache nyumbani. Daftari langu la kwanza niliandika kwa wino wa bluu. Tukaingia porini kumtafuta mtoto aliyepotea, mvua ya Desemba ikatunyeshea tangu alasiri mpaka usiku, na nilipolifungua karibu na moto, majina ya watu kumi na wawili yalikuwa doa moja. Mtoto tulimpata akiwa hai chini ya mninga. Majina nilizunguka kuyaomba upya, nyumba kwa nyumba.

Nimekuwa mgambo hapa Urambo, mkoani Tabora, tangu 1984, nilipohitimu mafunzo nikiwa na miaka ishirini. Nikawa koplo 1989, sajenti 1996, nikakabidhi platuni 2019. Naandika haya kwa kijana anayetoka uwanjani sasa hivi akiambiwa awaongoze wenzake. Miezi ile ya mafunzo utajifunza kwata, silaha, usomaji wa ramani, ujanja wa porini, huduma ya kwanza, na watakuja watu wa polisi, uhamiaji, zimamoto na TAKUKURU kukupa masomo yao. Hutafundishwa namna ya kuongoza watu ambao hawako chini yako siku zote. Hiyo utaokota mwenyewe njiani, au utaipata kwa aliyetangulia.

Maana mgambo wa kweli ni jeshi la akiba, na akiba ni kitu kinachokaa ndani hadi kihitajike. Siku hizi ukitaja mgambo, mtu anamwona yule anayemwaga ndizi za mama lishe sokoni. Nitafika huko, kwa sababu jambo hilo linaniuma. Lakini chimbuko letu ni jingine. Januari 1971 Amin alipindua serikali ya Uganda, na mwezi uliofuata Mwongozo wa TANU ukataka wananchi wenyewe wafundishwe kuilinda nchi. Sheria ya mgambo ikaja 1973. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakavamia Kagera, na Novemba 2 Mwalimu akasema uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Sajenti aliyenifundisha kazi alikuwa mmoja wa wale mgambo walioitwa. Kwake mwezi ule ulikuwa wa kuhamisha miche ya tumbaku kutoka kitaluni kwenda shambani. Aliiacha kwenye kitalu, akapanda treni. Aliporudi 1979 mke wake alimwonyesha bani jipya la kukaushia tumbaku ambalo yeye hakuwa amelijenga. Mzee yule aliniambia kwamba kule mbele, usiku, watu hawakuwa wanaulizana habari za Amin. Walikuwa wanaulizana kama mvua imenyesha nyumbani.

Hapo ndipo kazi ya koplo na sajenti wa akiba inapoanzia. Kila mtu uliyenaye amekuja na shamba lake kichwani. Usipolijua shamba hilo, humjui askari wako.

Nini kiandikwe

Mpe kila mtu ukurasa wake, mbele na nyuma. Usichore jedwali la watu kumi kwenye ukurasa mmoja, kwa sababu jedwali halina nafasi ya maisha ya mtu. Andika jina lake lote na lile analoitwa kijijini, maana ukienda kumwulizia kwa jina la cheti hakuna atakayemjua. Andika kitongoji, jina la balozi wake wa nyumba kumi, na mti au duka lililo karibu na nyumba. Simu yake, na simu ya jirani mwenye umeme, kwa sababu simu ya mgambo mara nyingi imezima. Anaishi na nani, nani anamtegemea. Kazi yake ya kila siku: tumbaku, ng'ombe, fundi baiskeli, warina asali. Namba ya kiatu. Anajua kuogelea au hajui. Ana baiskeli au hana. Ana ugonjwa gani.

Hilo la mwisho nilijifunza vibaya. 1991, nikiwa koplo, tulikuwa kwenye mchakamchaka wa alfajiri na kuruta mmoja, kijana wa kutoka upande wa reli, alikuwa anabaki nyuma kila siku kwa siku tatu. Wenzake wanaimba chenja, yeye hafungui mdomo. Siku ya tatu nilimtoa pembeni nikampa adhabu ya kuruka kichura. Jioni nikaandika mbele ya jina lake neno moja, "mvivu". Alfajiri iliyofuata alianguka. Nilipomgeuza, macho yalikuwa ya njano na ngozi ilikuwa inachoma kama bati la mchana. Malaria ilikuwa imemkaa wiki nzima, na hakusema, kwa sababu mwenzake aliyesema anaumwa wiki iliyopita aliambiwa mbele ya watu kwamba analeta uongo. Aliyemwambia hivyo nilikuwa mimi.

Tulimfunga kwa shuka kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, mmoja akaendesha, mmoja akamshika mgongo, mimi nikakimbia pembeni mpaka zahanati. Alilala siku tano, akapona, akamaliza mafunzo. Ukurasa wake upo mpaka leo na neno lile sikulifuta. Nimelikata mstari mmoja ili lisomeke.

Kwa hiyo fanya hivi. Mtu akibaki nyuma siku ya kwanza, mwangalie. Siku ya pili, mwulize ukiwa naye peke yake, tena baada ya chakula, wala usisimame mbele yake kama hakimu, kaa naye bega kwa bega. Mguse shingo kwa nyuma ya kiganja. Mwulize alikula nini jana, alilala wapi, nyumbani kukoje. Watu wetu hawasemi "naumwa" kwa mkubwa, watasema "nimechoka kidogo afande" na hapo amebakiza nusu siku aanguke. Ukishamwuliza hivyo, na ukaona kweli ni uvivu, adhabu utakayompa ataikubali hata moyoni, kwa sababu alikuona ukimtazama kwanza.

Miguu nayo ikague. Baada ya kutembea umbali mrefu vua buti zako wewe mwenyewe mbele yao, ndipo nao watavua. Wengi wa vijana wetu hununua buti za mitumba au huazima kwa kaka, na buti la kuazima lina umbo la mguu wa mwenyewe. Lengelenge usilitumbue ovyo, lisafishe, lifunike kwa kitambaa safi, na kesho mtu huyo mpe kazi ya kukaa.

Kalenda yako ni ya tumbaku

Mgambo wa Urambo hawezi kuongozwa kwa kalenda ya ukutani pekee. Agosti na Septemba watu wako kwenye vitalu, wanamwagilia asubuhi na jioni. Mvua zikifungua Novemba, wanahamisha miche. Kuanzia Februari wanachuma na kukausha, na mtu mwenye moto ndani ya bani halali: moto ukizidi majani yanaungua, ukipungua yanaoza, na mwaka mzima umeondoka. Baadaye kuna kupanga madaraja, kufunga marobota, kusubiri soko. Mfugaji ana kalenda yake, na mrina asali ana yake.

Yaandike haya nyuma ya jalada la daftari. Ukiitisha zoezi siku ambayo nusu ya watu wana moto kwenye mabani, wasipokuja usiseme hawana uzalendo. Panga zamu. Mimi nilikuwa naomba kwa Mshauri wa Mgambo wa Wilaya, ambaye ni mwanajeshi wa JWTZ, tujue mapema iwezekanavyo mazoezi yatakuwa lini, halafu nawagawa watu kwa shamba: wa bani wabaki safari hii, wafugaji waje, safari ijayo tubadilishane. Likija jambo la dharura, kama moto wa msituni au mtu kupotea, hapo hakuna zamu, filimbi ikilia ni wote. Na watakuja. Watakuja kwa sababu ulipoweza kuwahurumia uliwahurumia.

Nilifika mahali nikawa najua moshi. Ukipita kitongoji saa kumi na moja alfajiri ukaona bani la fulani halitoi moshi wakati wa kukausha, ingia upige hodi. Kuna jambo.

Usiku wa kuamkia uchaguzi wa Oktoba 31, 2010 tulikuwa tunalinda kituo katika shule ya msingi. Saa nane nilizunguka nikamkuta askari wangu mmoja amelala ameegemea ukuta wa darasa, rungu limelala mapajani. Kulala lindoni ni kosa kubwa, tusidanganyane. Lakini nililijua kwa nini, kwa sababu nilikuwa nimeandika mwenyewe: ana vitalu viwili, mke amejifungua wiki mbili zilizopita, keni za maji anabeba peke yake. Nilimgusa bega, nikamsimamisha, nikamwambia atembee na mimi mpaka zamu yake iishe. Tulizunguka shule ile mara nyingi sana. Asubuhi nilimwambia kosa lake, nikaliandika akiona, na chini yake nikaandika kosa langu: nilimpangia zamu ya saa nane mtu ambaye nilijua hajalala siku kumi. Ukipanga lindo, zamu ya saa nane mpaka saa kumi mpe aliyepumzika. Weka watu wawili wawili, mmoja mzoefu na mmoja mgeni. Neno la siri libadilishe kila usiku na liwe neno ambalo mtu akiamshwa ghafla ataweza kulitamka.

Kwata

Watu wanadhani kwata ni kupendeza Desemba 9. Kwata ni namna ya kuwafanya watu thelathini wasikie sauti moja wakati wa vurugu. Sajenti mwenye kwata nzuri, moto ukiruka barabara, anapaza "Nyuma, geuka!" na watu wanageuka kabla hawajafikiri kuogopa.

Amri ina vipande viwili. Cha kwanza kinamtayarisha mtu, cha pili kinamtuma. "Platuni" unaivuta, "mbele" unaishikilia, halafu "tembea" unaikata. Kati ya "mbele" na "tembea" acha nafasi ya pumzi moja, na nafasi hiyo iwe ileile leo na kesho. Koplo wapya wanaharakisha hapo. Sauti itoe tumboni. Ukiitoa kooni, siku ya tatu huna sauti, na koplo asiye na sauti anaanza kutumia mkono. Nenda nje ya kijiji jioni, simama upande mmoja wa shamba, mweke mwenzako upande wa pili, umpe amri za mguu sawa na mguu pande mpaka akusikie bila wewe kupiga kelele.

Sasa kuna yule ambaye kila kundi linaye mmoja, anayetembea mkono na mguu wa upande mmoja. Ukimwambia "mbele tembea", mkono wa kulia unakwenda na mguu wa kulia, watu wanacheka, naye anazidi kukauka kama gogo. Koplo wengi humtoa wampigie kelele. Hiyo haitamsaidia hata siku moja, kwa kuwa kilichomkausha ni macho ya watu.

Nilikuwa na kijana mfugaji wa namna hiyo. Wiki mbili tulihangaika naye. Siku moja nilimwona anakwenda kisimani na ndoo tupu, mikono inapishana na miguu vizuri kabisa, mwendo wa mtu aliyefuata ng'ombe tangu ana miaka sita. Nikamsalimia, "Mwangaluka," akaitikia, nikaweka ndoo chini nikatembea naye kuelekea malishoni, namwuliza habari za madume yake, yupi mkali, yupi anapenda kutangulia. Anaeleza, mikono inapishana. Nikaanza kuhesabu kwa sauti ndogo chini ya maneno yake: kushoto, kulia, kushoto, kulia. Hakusikia kama amri. Baadaye nikamwambia akunje vidole, aendelee kunieleza. Baadaye nikapandisha sauti kidogo. Tulipofika kwenye mti wa kugeukia nikasema "nyuma geuka" akageuka safi, ndipo akatambua tunafanya kwata. Alisimama akajitazama mikono. Siku ya kufunga mafunzo alikuwa mstari wa mbele, mwendo wa pole na mwendo wa haraka, mbele ya Mkuu wa Wilaya.

Kila mtu anajua kutembea tangu utoto. Mrudishe kwanza kwenye mwendo wake, halafu uuwekee hesabu.

Siku ya shabaha, hesabu maganda

Hapa sina maneno mengi ila nayasema kwa uzito wote. Silaha haielekezwi kwa mtu hata ikiwa tupu. Kidole kinakaa nje mpaka amri itoke. Kila anayeamka kwenye mstari wa kulenga anakaguliwa chemba na mtu wa pili, kwa macho na kwa kidole. Bunduki ya SAR inaingia risasi kumi. Ukitoa kumi, urudishiwe kumi: maganda na risasi zilizobaki, jumla yake kumi, na uandike hapohapo. Usiseme tutahesabu kambini.

Mwaka 2003 tulimaliza kufyatua saa kumi jioni, nikahesabu, ganda moja halipo. Wakufunzi walikuwa wamechoka, gari lilikuwa linangoja. Nikaomba ruhusa tubaki. Tulipiga magoti mstari mmoja tukachana nyasi kwa vidole kuanzia mwanzo wa uwanja mpaka mwisho, tukarudi tena, jua linazama. Halafu binti mmoja, mdogo kuliko wote, akaanza kulia. Lilikuwa ndani ya soksi yake. Hakutaka kuuza, hakutaka kudhuru mtu. Mama yake alikuwa amemwambia msichana hawezi kufyatua bunduki, na yeye alitaka kumwonyesha.

Nilimwadhibu, kwa sababu lazima, kisha wiki iliyofuata nikaenda kwao. Nilimweleza mama yule kwa mdomo wangu kwamba mwanawe alipata nane katika kumi, na mimi nilihesabu matundu. Binti yule baadaye ndiye aliyekuwa koplo wangu bora kuliko wote niliowahi kuwa nao, na nitamrudia.

Mama lishe ni mwajiri wako

Mgambo akishahitimu, kazi nyingi atakazopewa ni za mtaani: kusindikiza mkusanya ushuru, kupeleka samansi, kulinda mnada, kusimamia usafi. Huko ndiko jina letu linakochafukia. Nimeona kwa macho yangu sufuria la maharage linapigwa teke mbele ya mwanamke aliyeamka saa tisa usiku kuyachemsha. Aliyelipiga alikuwa amevaa sare kama yangu, ingawa hakuwa wa platuni yangu. Nililala vibaya siku nyingi.

Wafundishe watu wako hivi, tena kwa vitendo, mmoja awe mama lishe na wengine wawe askari. Kwanza salamu. Shikamoo kwa mkubwa, habari za kazi kwa rika lako. Jitambulishe jina na ofisi iliyokutuma. Sema kosa ni lipi na anatakiwa kufanya nini. Mpe muda wa kukusanya vyombo vyake mwenyewe, na msaidie kubeba. Kitu ukikichukua, kiandike, kihesabu mbele yake, atie sahihi au dole gumba. Usile chakula kilichokamatwa, hata andazi moja. Ukimkamata mtu, mpeleke kituo cha polisi mara moja. Usimfungie ofisi ya kata, usimpige njiani. Ibara ya 13 ya Katiba yetu inakataza mtu kuteswa au kudhalilishwa, na inataka mshtakiwa asichukuliwe kuwa na hatia mpaka ithibitishwe. Nilikuwa nawasomea ibara hiyo kila tunapoanza zamu ya mnada, wakiwa wamesimama mguu pande, bereti kichwani.

Msichanganye pia kazi yetu na ya sungusungu. Sungusungu wana utaratibu wao wa kijiji, ulianzia huku kwetu Usukuma na Unyamwezi miaka ya themanini, na wamerudisha ng'ombe wengi. Shirikianeni nao, ila askari wako asivae sare akaenda kusimamia hukumu ya kijiji.

Malalamiko yapandishe

Tabora tuna sababu ya kulijua hili. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi Dar es Salaam, na siku iliyofuata bataliani ya pili, iliyokuwa hapa Tabora, nayo ikaasi. Walikuwa wanadai nyongeza ya mishahara na kutaka maofisa Waafrika mahali pa Waingereza. Mwisho wake makomando wa Kiingereza wakaitwa, jeshi lile likavunjwa, na Septemba 1 mwaka huohuo JWTZ ikazaliwa. Mzee wangu alikuwa anasema kazi ya sajenti ni kusikia manung'uniko yakiwa bado jikoni.

Wakati fulani watu wangu kumi na mmoja walilinda mali ya ofisi moja mwezi mzima kwa ahadi ya posho, na posho haikutoka. Wakaanza kusema tususe. Nikawaomba wiki moja. Nilifungua daftari nikanakili kwa kila mtu: tarehe, saa aliyoingia, saa aliyotoka, aliyempokea zamu. Kila mmoja akatia sahihi kwenye mstari wake. Barua ikapita kwa mtendaji wa kata, nakala kwa Mshauri wa Mgambo, na nakala moja iliyogongwa muhuri wa kupokelewa nikabaki nayo. Ilichukua miezi mitano na safari nyingi za baiskeli. Ililipwa yote, kwa sababu hakuna aliyeweza kubishana na saa zilizoandikwa. Barua ya malalamiko isiwe na hasira hata neno moja. Iwe na tarehe.

Na wewe usiwaahidi watu posho ambayo haiko mkononi mwako. Sema: "Nitauliza, Jumatano nitawajibu." Jumatano ikifika wajibu, hata kama jibu ni kwamba bado.

Tepe ya tatu

Ukiwa koplo unajua watu kumi. Ukiwa sajenti unatakiwa kuwajua makoplo, na kupitia kwao watu thelathini. Hapa wengi huharibikiwa, wanaendelea kufanya kazi ya koplo. Ukiona kosa kwenye seksheni, usilirekebishe mwenyewe mbele ya watu. Mwite koplo pembeni, mwambie, umwache akarekebishe. Mimi ilinichukua karibu miaka miwili kuacha kuingilia.

Chagua makoplo kwa kuangalia nani anafuatwa wakati hakuna amri. Chakula kikigawanywa nani anapewa sahani agawe? Mtu akifiwa, nani anaambiwa kwanza? Binti yule wa ganda la risasi, wenzake walikuwa wakimpelekea barua zao azisome. Nilipompendekeza wengine walinung'unika kwamba wanaume hawataongozwa na mwanamke. Nikampa zoezi la usiku la ramani na dira, platuni ivuke pori la miombo kutoka mtoni mpaka barabarani, mbung'o wanauma hata magharibi. Alifikisha wote, na njiani alimtambua mwenye malengelenge kabla mwenyewe hajasema. Manung'uniko yaliisha usiku huo.

Kukabidhi

Usisubiri uzeeke ndipo ukabidhi. Mwaka mmoja kabla, mchague, mwambie Mshauri, na umpeleke huyo mtu kila unakokwenda. Ukurasa wa aliyefariki usiuchane, piga mstari mmoja na tarehe, uache ulipo. Madaftari ya zamani yafunge kwenye nailoni, yaweke ndani ya debe, debe liwe juu ya mawe, maana mchwa wa Urambo hawaogopi sanduku la mbao. Mimi nilikuwa nayo manne.

Siku tatu za mwisho tembea naye kwa miguu, nyumba kwa nyumba, ukianza na iliyo mbali zaidi. Kila mlango mtambulishe, kisha nyamaza, umwache yeye aongee. Daftari mpe baada ya nyumba ya mwisho, si kabla, la sivyo atatazama karatasi badala ya watu.

Mimi nilimkabidhi koplo wangu yule. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya yule kijana wa malaria, sasa baba wa watoto sita, bani lake linatoa moshi. Alitukaribisha kwa karanga. Nilipotoa daftari mfukoni akalifungua ukurasa wake, akasoma lile neno lililokatwa mstari, akanitazama, akampa mkewe asome. Halafu akamwita mwanawe wa pili aliyekuwa amerudi wiki ile kutoka mafunzoni. Sajenti mpya akachukua penseli, akafungua ukurasa mweupe, akamwuliza namba ya kiatu.